Fulu ambayo haijawahi kuigusa seva yako

Wiki hii yote nimeshinda nikibishana na majamaa wa IT kuhusu bekapu, nikaona afadhali niandike tu, maana hii sinthetiki fulu, yaani bekapu kamili inayojengwa kutoka kwa bekapu za zamani bila kuisoma seva yote, inatumika kila wikendi kwa ofisi nyingi hapa Nairobi na watu wanaiamini kupita kiasi, na mimi niliiamini hivyo hivyo miaka mingi.

Fulu ya kawaida, yaani bekapu ya data yote, inasoma kila kitu kutoka kwa seva yenyewe. Chukua terabaiti 4 kwa mtandao wa gigabiti 1, hata mambo yakienda vizuri unapata kama megabaiti 110 kwa sekunde, hapo ni saa 10, na saa zote hizo databesi inahema na watu wanataka kufanya kazi. Siku zingine unachukua inkrimentali, yaani zile bloki (vipande vidogo vya data) zimebadilika tu tangu jana, tuseme gigabaiti 200, nusu saa umemaliza. Sasa sinthetiki inafanyaje: Jumamosi inachukua inkrimentali kama kawaida, halafu seva inaachwa ipumzike, kazi iliyobaki yote inafanyika kwa stoo ya bekapu. Programu inafungua fulu ya zamani na inkrimentali zilizoifuata, bloki iliyobadilika inaweka ile mpya zaidi, isiyobadilika inabeba ya zamani, na mwisho unapata faili moja kamili la leo ambalo ukilirestoo, yaani ukirudisha data kutoka kwake, halihitaji lingine.

Ni kama mwenye duka la jumla anayeandika daftari jipya la stoki akitumia daftari la zamani na risiti, bila kwenda kuhesabu rafu. Risiti zikiwa sawa ni kazi safi kabisa na amelala mapema. Lakini kama Machi iliandikwa katoni 60 za sabuni na rafuni ziko 90, hiyo 60 itaandikwa tena Aprili, itaandikwa tena Mei, na kila daftari litaonekana jipya.

Stoo nayo inaumia. Kwa diski za kuzunguka, kusoma terabaiti 4 na kuandika terabaiti 4 kwa diski zile zile ni mateso, ndio maana watu wakahamia XFS ama ReFS, mifumo ya kupanga mafaili kwa diski, ambapo bloki hazikopiwi tena, faili jipya linaelekezwa tu kwa bloki zilizopo tayari. Kazi ya saa nyingi inakuwa ya dakika, na fulu nne zinakula nafasi karibu ya moja. Tamu sana, na hapo ndipo tuliumia.

Ofisi yetu ya Upper Hill, Alhamisi moja jioni stima ilipotea ikarudi, ikapotea tena, na seva ya mafaili ikakataa kuwaka. Sikushtuka, nilikuwa na fulu nne. Nikaanza kurestoo ya mwisho, ikafika asilimia 63 ikagoma, bloki haisomeki. Nikajaribu ya wiki iliyopita, 63. Ya wiki ile nyingine, 63. Nakumbuka nimekaa kwa ile chumba baridi ya seva naangalia hiyo namba na mikono imekufa ganzi, kwa sababu hapo ndio nilielewa kwamba sikuwa na fulu nne, nilikuwa na bloki moja mbovu yenye majina manne. Kilichotuokoa ni nakala iliyokuwa kwa diski tofauti ofisi ya Mombasa Road, ya siku tatu nyuma, na dada wa akaunti akaketi wikendi nzima akiingiza upya risiti za siku tatu kutoka kwa makaratasi. Hakuna mtu alimwomba msamaha vizuri, na mpaka leo hiyo inaniuma kuliko ile diski.

Na kosa si lazima liwe la diski. Mwaka 2014 ilijulikana kwamba VMware, programu ya kuendesha mashine pepe nyingi kwa seva moja, ukiongeza diski ya mashine ikavuka gigabaiti 128, ile hesabu yake ya bloki zilizobadilika ingeweza kutoa jibu lisilo sahihi. Hebu fikiria, inkrimentali inaruka bloki bila kelele, sinthetiki inajengwa juu yake, ripoti inakuja ya kijani kila asubuhi. Hapo dawa ni kurisetia hiyo hesabu na kusoma seva upya mwanzo mpaka mwisho.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu na sitaki kuulegeza: sinthetiki kila wiki sawa, sina shida nayo, lakini kila miezi mitatu fulu halisi kutoka kwa seva, hata kama bosi analalamika mtandao uko polepole. Ukaguzi wa bloki zilizo stoo uwashwe kila mwezi, kwa programu nyingi ni kutiki tu mahali. Nakala ya pili ikae kwa diski zingine, jengo lingine. Na urestoo kitu kweli. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yenyewe inazungumzia uwezo wa kurudisha data kwa wakati, haitosheki na ripoti ya kijani.

Fulu yetu halisi ya robo hii inaanza Ijumaa saa moja jioni. Dada wa akaunti nimemwomba achague mwenyewe folda moja Jumatatu, tuirestoo akiangalia, afungue mafaili kwa mkono wake.