Mchoro wa Noll: wa mtu au wa mashine?

Mwaka 1964 A. Michael Noll, mhandisi wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu huko New Jersey, Marekani, aliandika programu ya kuchora vijistari vyeusi, vya wima na vya mlalo, kwa kuuiga mchoro wa 1917 wa Piet Mondrian, mchoraji wa Uholanzi. Mahali pa kila kijistari palipangwa kwa nambari za nasibu, yaani zisizotabirika, kama za kurusha dadu. Akawaonyesha watu 100 michoro yote miwili: 59 waliupenda zaidi wa kompyuta, na 28 tu ndio waliotambua upi umetoka kwenye mashine.

Wanaoitetea sanaa ya kompyuta wana haki ya kufurahia matokeo hayo. Ila walichoonyeshwa watu wale ni fotokopi. Mchoro wa Mondrian ni rangi ya mafuta juu ya turubai ya zaidi ya mita moja kila upande. Ukiondoa turubai, ukubwa na mkono ulioshika brashi, kinachobaki ni mpangilio wa mistari tu, na hapo ndipo mashine ilipo na nguvu. Isitoshe, Mondrian alikuwa amechora bahari na gati mara nyingi, kila mara akipunguza, hadi akafika kwenye vijistari hivyo. Noll alivikuta tayari. Kwa hiyo sikubali kwamba Mondrian alishindwa pale.

Kinachonivutia zaidi ni sababu ya watu kukosea. Mpangilio nadhifu wa Mondrian waliuona wa kimashine, na mtawanyiko wa kompyuta wakauona wa kibinadamu. Yaani tunapoona vurugu kidogo, haraka tunadhani kuna mkono wa mtu. Hilo ni jambo kubwa kujifunza kuhusu macho yetu, hata kama halituambii lolote kuhusu kipaji cha kompyuta.

Kuhusu umiliki, niko upande wa Noll moja kwa moja. Alipotaka kusajili hakimiliki ya mchoro wake mwingine, "Gaussian-Quadratic", Maktaba ya Bunge la Marekani ilikataa: umetengenezwa na mashine. Akaeleza kwamba programu imeandikwa na mtu. Ikakataa tena, safari hii kwa sababu ya nambari za nasibu. Akaeleza kuwa hata nambari hizo hutolewa kwa kanuni, ndipo ikakubali. Na ni kweli: mchoro ule una mistari 99 inayounganisha nukta 100, na kanuni ya kupanda kwa nukta hizo kutoka chini kwenda juu aliichagua mwenyewe. Kompyuta ilitii tu.

Lakini utetezi huo una mpaka wake. Mtu wa leo anayeiandikia programu ya akili bandia sentensi moja, ikamletea picha iliyojengwa kwa michoro ya watu wengine, hawezi kuuazima mzima mzima. Noll angeweza kukueleza, hatua kwa hatua, kila mstari umefikaje pale ulipo.