Baba Mkwe Aliomba Juwata

Nina nyimbo 4,612 katika diski niliyoivalisha soksi ya mtoto isiingie vumbi, na tangu jana jioni nimetambua kwamba sina hata moja. Baba mkwe amekuja kutoka Korogwe kwa ajili ya macho yake. Alikula, akausifu mchuzi, akanyoosha miguu kwenye kochi, kisha akasema kwa upole wa mtu asiyependa makuu: "Mkwe, nasikia una muziki wa zamani. Hebu niwekee ile bendi ya Juwata." Katika miaka 11 tangu nimwoe binti yake, hiyo ilikuwa mara ya kwanza mzee huyu kuniomba kitu nilichokuwa nacho tayari ndani ya nyumba. Niliinuka kama afisa wa itifaki.

Niseme mapema, nisije nikaonekana mtu wa ovyo, kwamba mkusanyo wangu umepangwa. Nilitumia likizo mbili nzima kuupanga, wakati wenzangu wakienda kwao kuvuna. Nilianza na zile faili ziitwazo "Track 01" hadi "Track 14", ambazo kila mmoja wenu anazo, na ambazo ukizikusanya kutoka folda tisa utajikuta una "Track 07" tisa, kila moja ikiimba yake. Nikafuatia zile za kijana wa kibanda cha pale stendi, ambaye kila wimbo anaokuingizia kwenye flashi hulifuta jina la mwimbaji na kuandika namba yake ya simu, hivyo kwamba msanii mwenye nyimbo nyingi kuliko wote katika diski yangu ni namba ya simu. Niliwahi kuipiga. Haipatikani.

OK Jazz ya Franco, iliyozaliwa Kinshasa mwaka 1956, ninayo katika herufi O bila nukta, katika O yenye nukta, katika T kwa sababu baadaye bendi ilijiongezea sifa ya uweza wote, "Tout Puissant" kwa Kifaransa, na katika F kwa sababu kuna mtu aliona jina la kiongozi linatosha. Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu cha Unguja ambacho kipo tangu mwaka 1905, ninacho kwa tahajia tano, na kompyuta inaamini kwa dhati kwamba hivyo ni vikundi vitano visivyosalimiana.

Isitoshe, taarabu yote hiyo ilikuwa imeandikwa kuwa ni Blues. Nilidhani ni dharau ya mtu, kumbe ni hesabu. Lebo ya awali ya faili za MP3, iliyobuniwa mwaka 1996, ni kipande cha baiti 128 kinachobandikwa mkiani mwa faili: herufi 3 za utambulisho, 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, tarakimu 4 za mwaka, herufi 30 za maoni, na baiti moja tu ya aina ya muziki, ambayo huandikwa kwa namba ya orodha badala ya neno. Orodha ilikuwa na aina 80, ikianzia sifuri, na sifuri ni Blues; kwa hiyo programu yoyote iliyoiacha nafasi hiyo tupu kwa uvivu imewageuza bibi zetu wa Ng'ambo ya Unguja kuwa waimbaji wa Blues bila wao kuulizwa. Niliisoma orodha yote nikitafuta pa kuwahamishia. Polka ipo, namba 75. Taarabu haipo, na rumba haipo. Dance ipo, namba 3, nami kwa furaha nikauweka humo muziki wetu wa dansi wote, hadi siku nilipowapigia wageni folda hiyo na katikati ya magitaa yakaingia makelele ya disko ya mwanangu, naye akaja sebuleni kulalamika kwamba nimemchanganyia nyimbo.

Basi, Juwata. Niliandika jina hilo mbele ya baba mkwe, taratibu, ili aone kidole kinavyojua kazi. Kompyuta ikatafuta katika nyimbo 4,612 na kujibu kwamba hakuna.

Nilikohoa. Sababu ilikuwa usomi wangu mwenyewe. Bendi ile, kama mjuavyo, ilianza mwaka 1964 ikiwa NUTA Jazz, mali ya chama cha wafanyakazi, na chama kilipobadilishwa jina bendi nayo ilibadilishwa, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, hadi ikaishia kuwa Msondo Ngoma. Katika likizo ya pili niliamua kwamba bendi moja isikae katika folda nne kama mpangaji anayekwepa kodi, nikaihamishia yote chini ya Msondo.

"Zipo, baba," nikasema, "ila ziko kwenye Msondo."

"Msondo ni mtindo," akasema baba mkwe.

"Ni kweli, baba, ulikuwa mtindo. Sasa ndilo jina la bendi."

"Sikuomba bendi ya sasa. Nimeomba Juwata."

"Ndiyo hiyo hiyo, baba."

"Kama ndiyo hiyo hiyo, mbona mashine yako inasema haipo?"

Sikuwa na jibu, nikaifungua folda. Wimbo wa kwanza ulianza na sauti ya yule kijana wa stendi akikitangaza kibanda chake kwa mwangwi, na baba mkwe akauliza kama huyo naye alikuwa mwanamuziki wa Juwata. Nikauruka. Wa pili ulikuwa safi. Mzee akafumba macho yake mabovu, akasikiliza kwa muda usiotosha hata kumeza mate, akasema: "Hiyo ni Sikinde."

"Baba, imeandikwa Msondo."

"Nani kaandika?"

Nilikuwa nimeandika mimi. Nikaona nijiokoe kwa ushahidi, nikamwambia sauti ile ni ya Muhidin Gurumo, na Gurumo ni Msondo, hata mtoto anajua. Baba mkwe akafumbua jicho moja. "Gurumo mwaka 1978 alikuwa wapi?" Jasho likanitoka, kwa maana mwaka 1978 ndio ilipoanzishwa bendi ya Mlimani Park, hao Sikinde wenyewe, na Gurumo alitoka kule alikokuwa tangu NUTA akaenda huko, baadaye akapita Safari Sound, kisha akarudi Msondo. Nafasi ya msanii ina herufi 30. Mtu amehama mara tatu na kila alikohamia ameimba vilevile.

Hapo mzee akachukua madaraka. Aliketi wima, akaagiza nyimbo zipigwe moja baada ya nyingine, naye akawa anazigawa kwa kusikiliza tarumbeta tu, kama mzee wa baraza anayegawa mashamba: "Nuta. Nuta. Juwata. Sikinde. Hiyo siijui, itoe." Mimi nikawa karani, nikifuta nilichokiandika likizo nzima. Tulipofika wimbo wa arobaini hivi, tarumbeta zikaingia, na baba mkwe akatabasamu namna ambayo sijawahi kuiona, akaniamuru niandike kwenye nafasi ya maoni, neno kwa neno, kwamba huo ndio wimbo tuliocheza Tanga usiku wa harusi ya binamu yake, yeye akiwa na Mwanaidi. Nikaandika. Programu yangu ni ya zamani na inaandika lebo ya zamani, kwa hiyo nilipohifadhi kikabaki hiki: "Wimbo tuliocheza Tanga usiku w".

Mama mkwe haitwi Mwanaidi. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, akasoma kioo juu ya bega langu, akauliza: "Usiku w nini?" Baba mkwe akaitazama dari. Kwa mara ya kwanza maishani nikawashukuru waliobuni zile herufi 30.

Tungelimaliza yote usiku ule, lakini umeme ukafanya kazi yake. Uliporudi saa sita mzee alikuwa amelala, na nyimbo sita zilikuwa zimebaki na lebo nusu, na mimi nikaendelea peke yangu kwa hasira, kwa sababu kuna nafasi moja ambayo hata yeye hakuigusa, nayo ni mwaka. Mwaka upi, jamani? Mwaka bendi ilipoingia studio ya Radio Tanzania? Mwaka kaseti ilipotoka? Mwaka shemeji aliporekodi kutoka redioni huku jogoo akiwika nyuma, jogoo ambaye bado yumo humo na hana lebo? Faili zangu zinasema 2009, zote, Nuta na Juwata na Sikinde, kwa sababu 2009 ndiyo niliponunua waya wa kuunganisha redio ya kaseti na kompyuta! Nimechoka, wenzangu. Nimechoka kuandika sifuri mbele ya 2 katika namba za nyimbo ili 10 isitangulie, kisha nikaipeleka flashi kwenye gari la shemeji na redio ya gari ikapuuza majina na namba na sifuri zangu zote, ikapiga nyimbo kwa kufuata ni upi ulinakiliwa kwanza. Saa nane usiku nilikuwa bado ninanakili upya, mmoja mmoja, nikiwa nimekaa kwa adabu kama mtu anayehesabu fedha za msikiti.

Asubuhi hii mzee amekunywa chai na kunyoosha miguu tena palepale. Anauliza kama ninayo Jamhuri Jazz, ya kwao Tanga. Ninayo. Iko mahali fulani kati ya Polka na ile namba ya simu.