Kolabo ya laivu: video inabaki kwa nani, mtandao anaubeba nani?

Usiku wa dabi ya Kariakoo, mchambuzi wa upande wa Yanga akikaa skrini moja na mwenzake wa upande wa Simba, mashabiki wa pande zote mbili hujaa. Hicho ndicho kinachowavuta watengeneza maudhui kwenye laivu ya pamoja: wewe una watu wako, mwenzako ana wake, mkikutana mnakuwa na wote. Hesabu hiyo ina ukweli, ila ina matundu mawili. Kwanza, laivu huwa na mwenyeji mmoja hata kama skrini imegawanywa nusu kwa nusu. Pili, yule mwenye mtandao dhaifu ndiye anayeamua watazamaji wote wataona nini. Sisi tunaiunga mkono kolabo, kwa sharti kwamba mambo hayo mawili yamalizwe kabla mtu hajabonyeza kitufe cha kuanza.

Wanaoitetea wana hoja za kweli. Kuongea peke yako mbele ya simu saa nzima ni kazi ya kuchosha, na mtazamaji hugundua haraka pale msemaji anapoanza kujirudia. Wakiwa wawili wanapokezana: mmoja anaongea, mwingine anasoma maoni, anamfungia mwenye matusi, anachagua swali linalofuata. Ubishi wa hoja kwa hoja una ladha ambayo hotuba ya mtu mmoja haina. Zaidi ya hapo, mlango wa kuingia laivu umezidi kuwa mwembamba kwa wachanga. YouTube inataka chaneli iwe na wafuatiliaji 50 ndipo irushe kwa simu, na kuwezesha laivu mara ya kwanza kunaweza kuchukua hadi saa 24. Instagram, tangu Agosti 2025, inadai akaunti iliyo wazi yenye wafuasi 1,000. Kwa anayeanza, kukaribishwa na aliyetangulia ni nafuu kubwa. Kwenye studio ya mtandaoni kama StreamYard mgeni hahitaji hata chaneli. Anatumiwa kiungo, anakifungua kwenye kivinjari, anaingia.

Wanaoipinga nao hawasemi uongo. Hoja yao nzito ni ya umiliki. Instagram inaruhusu watu wanne kwenye laivu moja, mwenyeji na wageni watatu, lakini nakala inayohifadhiwa kwa siku 30 baada ya laivu iko kwenye akaunti ya mwenyeji. Mgeni aliyeongea dakika 50 akitaka kipande cha kuweka kwake lazima akiombe. YouTube ina njia ya kumwalika mgeni moja kwa moja kwa simu, na matangazo yakionekana humo, mapato yanahesabiwa kwa chaneli ya mwenyeji. Kisha kuna kusubiri. AdSense, mfumo wa Google unaolipa fedha za matangazo, haulipi mpaka salio lifike dola 100, na malipo hutoka kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata. Chaneli ndogo inaweza kukaa miezi kadhaa bila kufika hapo. Mgeni aliyeahidiwa nusu yake anaanza kuhisi amedhulumiwa, wakati mwenyeji mwenyewe hajaona hata senti. Ugomvi mwingi wa kolabo huanzia hapa, na mara nyingi hakuna aliyeiba chochote.

Mapambano ya TikTok tunayaweka kando. Wenyeji wawili wanaunganishwa kwa raundi, kwa kawaida ya dakika tano, kila mmoja akiwaomba watu wake zawadi. Yapo yanayoingiza fedha, na hatumlaumu anayeyafanya. Lakini mtazamaji wa upande wa pili amekuja kumshinda mgeni, hakuja kumfahamu, na baada ya raundi hakuna kilichobaki cha kukatwa na kuwekwa kama video. Tusiyahesabu kama kolabo.

Sasa mtandao, maana hapa ndipo kazi nzuri nyingi huharibika. Watu hupima kasi ya kupakua (kupokea) na kuridhika, wakati laivu inaishi kwa kasi ya kupakia (kutuma). Pima mara tatu, saa ileile mtakayoruka hewani, kwenye kiti kilekile utakachokalia. Saa 3 usiku mnara uleule uliokupa kasi nzuri asubuhi unahudumia mtaa mzima. Kwa picha ya ubora wa 720p ya watu waliokaa na kuongea, Mbps 2.5 (megabiti kwa sekunde) hutosha, na tunashauri kasi ya kupakia iwe angalau mara mbili ya hapo, yaani Mbps 5 zinazoshika bila kuyumba. Asiyezifikisha ashushe picha hadi 480p mapema, asisubiri igande. Uso wenye ukungu kidogo unavumilika. Sauti inayokatakata inafukuza watu.

Bando nalo lipigiwe hesabu. Mbps 2.5 kwa saa moja ni takriban GB 1.1 unazotuma. Ukipokea picha za wenzako wawili, kila moja kwa Mbps 1, ongeza GB 0.9. Laivu ya saa mbili ya watu watatu inakula karibu GB 4 kwa kila mshiriki. Mgeni aliyenunua GB 1 ataanguka nusu saa ya kwanza ikikaribia kuisha, na si kosa lake kama hakuna aliyemwambia. Tunaona ni haki mwenyeji anunue bando la mgeni, maana ndiye anayebaki na video.

Njia ya kuziunganisha picha za washiriki nayo inabadilisha mzigo. Studio ya mtandaoni huchanganya picha kwenye seva zake, hivyo kompyuta ya mwenyeji inapumua. Ukitumia kifurushi cha bure, unakubali nembo yao kwenye picha. OBS, programu ya kurushia laivu kwa kompyuta, pamoja na VDO.Ninja, huduma ya kumleta mgeni kupitia kivinjari, ni bure na bila nembo, lakini picha za wageni husafiri moja kwa moja kutoka kifaa hadi kifaa na kuchanganywa kwa mwenyeji. Wakiwa wengi, kila mmoja anatuma nakala kwa kila mwenzake, na simu ya bei ya chini hupata moto ndani ya dakika chache. Umeme ukikatika kwa mwenyeji, matangazo yote yanazimika naye. Bila UPS (betri ya akiba) inayobeba ruta na kompyuta, njia hii ni ya watu wawili, wasizidi watatu.

Kosa jingine dogo lenye madhara makubwa ni simu kupigwa katikati ya laivu. Laini isiyobeba simu kupitia 4G hushuka hadi 3G au 2G inapopigiwa, na intaneti inaporomoka nayo. Bando liwekwe kwenye simu ya pili inayotumika kama hotspot, laini ambayo hakuna mtu anaijua namba yake.

Sauti ndiyo inayotenganisha laivu ya kusikilizwa na ya kupitwa. Kila mshiriki avae hedifoni, hata anayeapa kwamba chumba chake kimetulia, kwa sababu maiki yake huokota sauti za wenzake kutoka kwenye spika na kuzirudisha kama mwangwi. Za waya ni bora: hedifoni nyingi za bluetooth zikifungua maiki yake hushuka ubora, na mtu anasikika kama anapiga simu kutoka ndani ya pipa. Wawili walio chumba kimoja wasiingie kwa simu mbili zenye maiki wazi, zitapiga mluzi. Watumie simu moja na maiki moja. Na mgeni asifungue laivu yenyewe kwenye dirisha jingine ili ajione. Matangazo humfikia mtazamaji yakiwa yamechelewa sekunde kadhaa, wakati mwingine hata 20, kwa hiyo atajisikia akisema maneno aliyokwisha kuyasema, na atanyamaza katikati ya sentensi.

Ucheleweshaji huo unaua pia ndoto ya kuimba pamoja kwa mbali. Wanamuziki huanza kuyumba ucheleweshaji ukizidi takriban milisekunde 30, na mtandao wa simu huongeza zaidi ya hapo. Chukua singeli ya mapigo 240 kwa dakika: pigo moja ni milisekunde 250, hivyo sauti ikichelewa robo sekunde tu, mwimbaji wa Mombasa anaangukia pigo zima nyuma ya mpigaji wa Dar es Salaam. Hakuna kifaa cha kuponya hilo. Aimbe mmoja, mwingine amhoji.

Hatari ya kisheria hubebwa bila usawa. Haki za kuonyesha Ligi Kuu Tanzania Bara ziko kwa Azam Media, kwa mkataba wa miaka 10 uliosainiwa 2021. Sasa mgeni anakaa sebuleni, runinga iko nyuma ya bega lake la kushoto, mechi inaendelea na sauti ya mtangazaji inasikika. Yeye haoni tatizo. Lakini mfumo wa YouTube ukiyatambua maudhui ya mwenye haki, laivu inaweza kufunikwa kwa picha isiyosogea au kukatwa kabisa, na adhabu inaiangukia chaneli ya mwenyeji. Vivyo hivyo kwa matusi na kashfa. Tanzania ina Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018, zilizoandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022; Kenya ina sheria ya makosa ya kompyuta na mtandao ya 2018. Kwa hiyo kidole cha mwenyeji kikae karibu na kitufe cha kumzima mgeni maiki, na mgeni aambiwe mapema kwamba kitatumika, ili kikitumika asione amevunjiwa heshima.

Wageni wa nje wapewe saa zao, si saa zetu. Saa 3 usiku ya Nairobi na Dar es Salaam ni saa 2 usiku Lubumbashi, saa 4 usiku Muscat, saa 12 jioni London wakati wa baridi na saa 1 jioni wakati wa kiangazi. Andika pia 21:00, kwa sababu aliyekulia ughaibuni akisoma "saa 3" anaweza kuelewa 3:00, yaani saa tisa yetu.

Makubaliano yaandikwe, hata kwa ujumbe wa WhatsApp ambao wote wamejibu "sawa". Yataje laivu inarushwa kwenye akaunti ya nani, video kamili anatumiwa mgeni ndani ya saa ngapi (sisi tunapendekeza 24), anaruhusiwa kukata vipande vingapi, zawadi na mdhamini vinagawanywaje, na fedha zinatumwa kwa M-Pesa siku ngapi baada ya jukwaa kulipa. Kipengele cha mwisho kizungumzie kufuta: mmoja akitaka laivu iondolewe, nani anaamua?

Kupima matokeo kwa idadi ya waliokuwa ndani kwenye kilele ni kujidanganya, maana wengi walikuja kwa ajili ya dabi. Ngoja siku saba, kila mmoja arushe laivu yake peke yake, mhesabu majina mapya kwenye maoni. Mkifikisha laivu tatu za pamoja na namba za mwenyeji zimepanda huku za mgeni hazijasogea, ya nne irushwe kwenye akaunti ya mgeni. Mwenyeji anayekataa hilo ameshajibu swali la kolabo hiyo ni ya nani.