Chokaa Yangu Kila Mtu Anaitaka, Isipokuwa Shamba

Kuuza mbolea si kazi, mbolea inajiuza yenyewe. Njoo uuze chokaa ya mashamba ndiyo utawajua binadamu.

Mzigo nautoa Songwe, wanakochimba mawe ya chokaa na kuyasaga, napandisha na Fuso vijijini Mbozi. Mifuko ya kilo 50, unga laini kama sembe. Jioni narudi nimepakaa mpaka kope. Mbwa wangu mwenyewe, anayekula kwa hela ya chokaa, ananibwekea. Mama watoto pole hanipi, ananitolea beseni nje.

Nikifika kijijini natoa somo kwanza. Udongo wenu una tindikali, nawaambia. Kipimo chake, pH, kikishuka chini ya 5.5, tindikali imezidi, alumini inayeyuka inadumaza mizizi, na ile fosforasi ya mbolea ya DAP mliyoipangia foleni tangu alfajiri inanasa humohumo ardhini, mmea hauioni. Mnazika hela! Wote wanaitikia, "Kweli kabisa, mtaalamu."

"Sasa ekari moja mifuko mingapi?"

Nasema mpime udongo kwanza, ila mara nyingi inafika kama 20. Kimya. Mtu anakohoa.

"Na inakuza mahindi baada ya siku ngapi?"

Haikuzi mahindi, mzee wangu, inatibu udongo. Unaimwaga wiki kadhaa kabla ya kupanda, unaichanganya na jembe, na kazi yake unaiona msimu hadi msimu. Hapo wanaanza kuchomoka mmojammoja, kama msibani chai ikiisha.

Lakini usidhani hawanunui! Mtendaji alichukua mifuko miwili, Mwenge unapita, mawe ya barabarani yapakwe. Nikamwambia haya ni mawe yaliyosagwa tu, si chokaa ya kupaka, haitashika. Akapaka. Usiku ikanyesha, asubuhi mawe yana rangi yake ya kuzaliwa na tapeli ni mimi. Kocha naye akakopa mmoja wa kuchorea uwanja, atalipa wakichukua kombe. Wamefungwa nne bila, na ile mistari, niseme ukweli, ilinyooka kuliko mabeki wake. Kuna mama huchukua nusu mfuko wa kumwaga chooni. Huyo analipa taslimu, Mungu ambariki yeye na choo chake.

Sasa msimu uliopita Fuso ilikwama kwenye tope, ubavuni mwa shamba la mzee mmoja aliyenikatalia miaka mitatu mfululizo. Ikabidi tushushe mzigo. Mifuko kama sita ikapasuka, utingo wangu akausambaza ule unga kwa koleo shambani ili bosi nisione hasara. Niliiona. Mzee naye akatoka na fimbo, nimemchafulia shamba, akadai fidia. Nikampa elfu kumi. Yaani nimemwekea chokaa bure, halafu nikamlipa.

Mwezi wa pili napita pale, ile kona mahindi ni meusi kwa ukijani, yananipita kichwa. Kwingine kote ya njano, yamefika kiunoni. Mzee akanisimamisha. Nikazima gari, nikatoa daftari la oda, kalamu tayari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana, mwaka huu utapita lini?"

"Wewe tu mzee. Nikuletee mifuko mingapi?"

"Ya nini tena?" Akanyoosha fimbo kule juu shambani. "Nilitaka kukuomba, safari hii ukakwamie upande ule."