Utambuzi wa Saikosisi: Jina la Ugonjwa Liandikwe Lini?

Katika miaka ya 1960 hospitali za akili za New York ziliwaandikia wagonjwa skizofrenia (mojawapo ya magonjwa yanayoleta saikosisi, yaani kusikia sauti zisizokuwepo au kushikilia imani zisizo za kweli) mara nyingi zaidi kuliko zile za London, na watafiti wa nchi hizo mbili wakataka kujua kama wagonjwa ndio waliotofautiana au ni madaktari. Wagonjwa wa pande zote mbili walipohojiwa kwa maswali yale yale, sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitoweka. Katika kazi hiyo hiyo, madaktari walionyeshwa mahojiano ya mgonjwa mmoja yaliyorekodiwa kwa video. Asilimia 69 ya Wamarekani walisema ana skizofrenia, na Waingereza waliosema hivyo walikuwa asilimia 2 tu.

Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 1972, yalichangia kuwafanya madaktari waandike vigezo vikali zaidi. Hata hivyo, vigezo vyenyewe havijakubaliana hadi leo. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013 unataka dalili za ugonjwa ziwe zimeonekana kwa miezi 6 ndipo jina la skizofrenia litumike, ilhali mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza kutumika Januari 2022, unaridhika na mwezi 1. Kijana aliyeugua kwa miezi mitatu mfululizo anaweza basi kuwa na skizofrenia kwa mwongozo mmoja na asiwe nayo kwa mwingine, na hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoweza kuamua nani yuko sahihi.

Wanaotetea kutaja jina mapema wana hoja nzito. Familia iliyokesha wiki kadhaa na mgonjwa asiyelala ina haki ya kuambiwa inapambana na nini, na daktari anapokwepa kusema, nafasi yake huchukuliwa na jirani anayesema kijana amerogwa. Jina pia huelekeza dawa. Lithiamu, ambayo John Cade wa Australia aliripoti mwaka 1949 kuwa inatuliza wagonjwa wenye msisimko uliopita kiasi, ni tiba kubwa ya baipola, ugonjwa wa hisia kupanda hadi msisimko na kushuka hadi sonona, lakini si tiba ya msingi ya skizofrenia. Mgonjwa wa baipola anayeitwa wa skizofrenia anaweza kupita miaka bila kuipata.

Ugumu ni kwamba sauti na imani za kufuatwa au kuwindwa huweza kutokea katika magonjwa yote mawili, na kinachoyatenga ni mpangilio wa wakati. Ndiyo maana swali lenye uzito mkubwa mara nyingi huulizwa mzazi: «Mama, kabla hajaanza kusema anafuatwa, usiku alikuwa akilala? Alikuwa ameanza kuongea bila kupumzika, kutumia fedha ovyo, kupanga miradi mikubwa saa nane za usiku? Na msisimko huo ulipotulia, sauti zilitulia pamoja nao au zilibaki?» Zikitulia pamoja, daktari huelekea baipola. Zikibaki kwa wiki 2 au zaidi wakati hisia zimekaa sawa, ingawa sehemu kubwa ya ugonjwa imeandamana na msisimko au sonona, mwongozo wa Marekani unataja ugonjwa wa tatu, wa skizoafektivu, ambao kwa maoni yangu ni ukiri wa kitaalamu kwamba mpaka kati ya hayo mawili haukuwahi kuwa ukuta. Majibu hayo hayapatikani kwa dakika kumi za kliniki iliyojaa, wala kwa mgonjwa aliyeletwa na polisi bila ndugu.

Wanaotaka kusubiri nao wana sababu. Saikosisi inayozuka ghafla, ikiwemo ile ya wiki za kwanza baada ya kujifungua, inaweza kuisha kabisa ndani ya miezi michache, na inayotokana na bangi mara nyingi hutulia mtumiaji anapoacha. Skizofrenia ikishaandikwa kwenye faili siku ya tano, daktari anayefuata huendeleza dawa bila kuuliza upya, na mwajiri au mchumba akisikia, kulifuta neno hilo ni kazi.

Lipo pia jambo ambalo kambi zote mbili hulipa nafasi ndogo kuliko linavyostahili, nalo ni mwili. Saikosisi ni dalili, kama homa ilivyo dalili. Malaria iliyopanda kichwani, kaswende iliyofika kwenye ubongo, kifafa na VVU vyote vinaweza kuileta. Watafiti wa Uganda, akiwemo Etheldreda Nakimuli-Mpungu, walionyesha mwaka 2006 kwamba msisimko unaotokana na VVU una sura yake: wagonjwa walikuwa na umri mkubwa zaidi, wakali zaidi, na wenye udhaifu zaidi wa kumbukumbu na kufikiri, kuliko wale wa baipola ya kawaida. Mgonjwa anayeanza kuchanganyikiwa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 45, au mwenye homa, degedege, au asiyejua leo ni siku gani, apimwe kwanza, hata kama anasikia sauti kama za kwenye vitabu.

Naona mabishano haya yamefunga pamoja maamuzi mawili yanayoweza kutenganishwa. Dawa za kutuliza saikosisi, kama haloperidoli au risperidoni, zinaweza kuanzishwa pindi magonjwa ya mwili yanapochunguzwa, hata kama jina la mwisho halijajulikana, kwa kuwa ndizo zinazotumika katika aina nyingi za saikosisi. Kuchelewesha tiba kunaumiza. Kuchelewesha jina, mara nyingi, hakuumizi. Pingamizi la kweli ni la tabibu wa kituo cha afya cha mbali anayejua kwamba mgonjwa huenda asirudi tena. Huyo naye anaweza kuandika «saikosisi, aina haijathibitika», aongeze tarehe dalili zilipoanza, alichosimulia mama kuhusu usingizi, na vipimo vilivyofanyika na vilivyokosekana. Daktari atakayempokea mwaka ujao atahitaji maelezo hayo kuliko atakavyohitaji jina lililokisiwa.