Mgonjwa wa kiharusi si mvivu

Ukiwa na mgonjwa wa kiharusi nyumbani, utayasikia haya kwa majirani, na mara nyingine kwa ndugu zake wa damu: "Mazoezi anayajua, ila hataki tu." Mimi sikubaliani nao. Kilichoumia ni ubongo, na ubongo huohuo ndio tunaoutegemea ukumbuke zoezi, ulianze na ulimalize. Karibu mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi hupoteza msukumo wa kuanza jambo. Ukimwambia inuka, anainuka; ukinyamaza, atakaa hapohapo mpaka jioni. Changanya na uchovu na usahaulifu, halafu umwite mkaidi! Vijana walioumia kichwa kwenye ajali za bodaboda wanasemwa vibaya zaidi, maana kwa nje wanaonekana wazima.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni malengo tunayowapangia. Mjomba wangu alitoka kliniki na karatasi ya Kiingereza: aongeze nguvu za mkono wa kulia, atembee mita kumi bila msaada. Mita kumi za wapi? Anaishi Igogo, jijini Mwanza, kule juu kwenye mawe. Kutoka mlangoni kwake hadi barabarani ni kushuka ngazi za mawe, hili fupi, lile refu, moja linacheza. Mvua ikinyesha, hata sisi wazima tunajishikiza kwenye ukuta wa jirani. Yeye alitaka ashuke mwenyewe, apande bajaji, aende soko la samaki la Mwaloni Kirumba akapige soga na wenzake wa dagaa. Karatasi haikuwa na habari hiyo. Walioulizwa ni watoto wake.

Halafu kuna lile agizo la "fanya mara tatu kwa siku". Saa ngapi? Baada ya nini? Mwanasaikolojia wa Kijerumani, Peter Gollwitzer, alionyesha tangu miaka ya 1990 kwamba mtu hutimiza nia yake kwa urahisi zaidi akiifunga kwenye wakati au tukio maalumu: likitokea hili, nafanya lile. Kwa mjomba tukaanza na chai. Akimaliza kunywa, anasimama na kuketi mara tano, na kikombe hakiondolewi mezani mpaka amalize. Kikombe ndicho kinachomkumbusha, si mke wake, na kelele za asubuhi zimepungua sana pale nyumbani.

Adhana ya alasiri ndiyo saa ya ngazi. Anashuka mguu dhaifu ukitangulia, kijana wake akiwa jiwe moja chini yake. Kupanda, mguu mzima ndio unaotangulia. Lile jiwe linalocheza tumelitia saruji. Barabarani hajafika bado, na kuna siku anagoma kabisa. Siku hiyo tunamwacha, kesho kikombe kipo.

Wataalamu wetu wa fiziotherapia wana foleni ndefu, hilo naliona. Hata hivyo naomba dakika chache za mwisho zitumike kumuuliza mgonjwa mwenyewe anaishi wapi na anatamani kurudia nini, kisha aseme kwa mdomo wake zoezi atalifanya wakati gani, ndugu yake akisikia. Anayetoka Ukerewe kwa meli hawezi kurudi kila wiki kuuliza alichosahau, kwa hiyo apewe pia namba ya simu ya kliniki, na iwe inapokelewa.