Sirius B haijapoa, jamani

Nimeikuta tena ile picha inayozungushwa mitandaoni: kidoto cheupe chenye ubluu kwa mbali, na chini yake maelezo kwamba Sirius B ni nyota ndogo, baridi, iliyokufa. Ndogo, sawa. Iliyokufa, tutabishana. Lakini baridi? Nyota yenye nyuzijoto 25,000 usoni, ilhali Jua hili linalotuchoma utosi halifiki hata 6,000!

Najua kosa linakotokea. Mtu akiona kitu hakiwaki sana anadhani kimepoa, na ubluu wake unamzidishia imani, maana bomba la bafuni limemfundisha kwamba bluu ni maji baridi na nyekundu ni ya moto. Angani ni kinyume chake. Nyekundu ndizo zenye joto dogo kwa hesabu za nyota. Ukiona weupe unaoelekea bluu, hapo pana moto wa kweli.

Kinachoniudhi hasa ni kwamba jambo hili lilishamalizwa zamani. Mwaka 1844 mwanaastronomia Friedrich Bessel alieleza kwamba Sirius inayumbayumba katika mwendo wake, kwa hiyo kuna kitu kizito kinachoivuta ambacho hakuna aliyekiona. Mwaka 1862 Alvan Graham Clark alikuwa anajaribu lenzi mpya ya darubini kule Marekani, akakiona: nukta hafifu ubavuni mwa nyota inayong'aa kuliko zote usiku. Nukta hiyo ndiyo Sirius B. Ikadhaniwa kuwa imefifia kwa sababu imepoa. Kwa wakati ule siwalaumu, hawakuwa na kipimo. Halafu mwaka 1915 mwanaastronomia Walter Adams, pale kwenye kituo cha kutazamia nyota cha Mount Wilson, Marekani, akaichambua nuru yake na kukuta nyota nyeupe ya moto. Karne nzima na ushei imepita, na sisi wenye intaneti mfukoni tunarudi kulekule kwa mwaka 1862.

Kama ni moto hivyo, mbona imefifia? Hapo ndipo utamu ulipo, na ndipo wenye picha wanapopita mbio. Kila mita ya mraba ya uso wa Sirius B inatoa nishati zaidi ya mara 300 kuliko mita kama hiyo ya Jua. Sasa tazama ukubwa wake: kipenyo hakifiki kilomita 12,000. Dunia yetu inaishinda! Uso wenyewe ni mdogo mno, kwa hiyo hata ukiwaka namna gani, jumla ya nishati inayotoka ni kama sehemu moja ya arobaini ya ile ya Jua. Na sehemu kubwa ya hicho kidogo hutoka kama urujuanimno, ambao macho yetu hayana habari nao. Ufifu wake ni suala la eneo. Joto halina hatia.

Ndani ya kidude hicho kuna maada yenye uzito sawa na wa Jua, au kuzidi kidogo. (Tafadhali, asije mtu na hadithi ya kijiko cha chai. Ndiyo, kijiko kimoja cha maada hiyo kingekuwa na uzito wa tani zaidi ya kumi, tumesikia.)

Anayetaka ushahidi wa macho atafute picha iliyopigwa na darubini ya angani ya Chandra, ile inayopokea eksirei. Katika mwanga wa kawaida, Sirius A, yaani ile nyota kubwa tunayoiona kwa macho, inamzidi mwenzake karibu mara 10,000. Kwa Chandra wamegeuziana: B ndiyo inayowaka, na A, malkia wa usiku, imebaki kajinukta pembeni. Basi niambieni, kati ya hizo mbili, hafifu ni ipi? Inategemea umevaa macho gani.

Haya, kuhusu kufa. Nakubali, shingo upande, kwamba haiunguzi tena hidrojeni kama Jua linavyofanya. Zamani ilikuwa nyota kubwa, labda mara tano ya Jua kwa uzito. Ikavimba, ikamwaga matabaka yake ya nje, ikabaki kiini. Joto tunaloliona ni akiba. Lakini ni akiba ya kutumia kwa mabilioni ya miaka, na nyota haianguki juu ya nafsi yake kwa sababu elektroni zake zimebanwa kiasi kwamba haziruhusu kubanwa zaidi. Zuio hilo halitegemei joto. Itapoa siku moja na bado itasimama. Tena vibete vyeupe, yaani viini vya nyota vilivyobaki kama hiki, vina tabia ya ajabu: ukikiongezea uzito, kinasinyaa. Mwanafizikia Subrahmanyan Chandrasekhar alikuwa kijana wa miaka 19 mwaka 1930 alipopiga hesabu iliyoonyesha kwamba kusinyaa huko kuna mwisho. Leo tunajua mpaka uko kwenye takriban mara 1.4 ya uzito wa Jua. Kitu chenye kanuni zote hizo mnakiandikia tanzia ya neno moja?

Na iko jirani, miakanuru 8.6 tu. Inazungukana na mwenzake kwa miaka 50, na katika miaka hii ya 2020 zimeachana vya kutosha hata darubini nzuri ya mtu binafsi kuweza kuitenga B na mng'ao wa A, usiku ambao hewa imetulia. Wenye darubini waitafute sasa. Zikikaribiana tena, mtasubiri sana.